Picha inasema nimepona, mkono unakataa
Miezi saba sasa tangu nianguke na bodaboda, nikapasuliwa kifundo cha mkono wa kulia na kuwekewa bamba la chuma na skrubu. Eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri. Lakini nikikuna nazi au kukamua nguo, maumivu yanapanda hadi begani.

Wiki iliyopita mtaalamu wa fiziotherapia aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wiki ya kwanza maumivu yalikuwa ngapi, kati ya 0 na 10? Nikasema 8. Ulikuwa unalala? Hapana. Una maumivu mengine ya zamani? Mgongo, miaka mingi. Ulikuwa na hofu? Jamani, nilikuwa nalia kila usiku nikiwaza nitawalishaje wanangu. Akaniambia mambo hayo, pamoja na neva kuumia, huongeza uwezekano wa maumivu kupita miezi 3 na kuwa sugu. Na kwamba si deko. Nililia palepale.

Ndugu yangu uliyevunjika, plasta ikibana, vidole vikivimba na kuwaka moto, au ngozi ikibadilika rangi, usikubali kuambiwa "vumilia". Rudi siku hiyohiyo. Mimi nilivumilia wiki 3.