Kutoka Mkomani hadi Bordeaux: karatasi za muhula mmoja

Kila aliyesikia kwamba naenda Bordeaux, Ufaransa, kusoma muhula mmoja alikuwa na neno la kuniambia, na mengi ya maneno hayo yalikuwa mabovu. Viza ni bahati tu. Weka pesa benki wiki moja kabla, wazione. Kifaransa utakiokota huko huko. La kwanza si kweli, la pili lilinipotezea zaidi ya mwezi, na la tatu lingeniangusha kabla sijafika uwanja wa ndege. Namwandikia kijana wa Lamu aliyepata barua ya kukubaliwa na hajui aanzie wapi.

Shida yetu watu wa Lamu ni kwamba maisha yetu hayamo kwenye karatasi. Nyumba ya bibi yangu Mkomani haina namba. Ukiuliza njia utaelekezwa kwa jina la msikiti. Ami yangu ananunua samaki na kamba kwa wavuvi na kuuza kwenye mahoteli, na pesa zake zinapita mkononi na kwenye simu. Mfaransa anayekaa mezani na faili lako hamjui ami wala msikiti. Kwa hiyo matayarisho yote, kwa ninavyoona mimi, ni kuyageuza maisha hayo yawe karatasi, kisha kuhakikisha karatasi moja haiipingi nyingine.

Anza na jina. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa jina la baba ni Mohammed, kwenye pasipoti ni Mohamed, na cheti cha shule kina Muhamad. Kwetu hilo ni jina moja. Kwenye mfumo wao ni watu watatu. Nilikwenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo inayosema majina yote matatu ni ya mtu mmoja, nikaitia kwenye faili pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Kuanzia siku hiyo nikafuata tahajia ya pasipoti, herufi kwa herufi: tikiti, bima, fomu za chuo, barua pepe. Anuani nayo vivyo hivyo. Fomu zao zina kisanduku cha namba ya nyumba na jina la barabara. Mimi nilijaza mtaa, sanduku la posta na 80500 Lamu, na nikayarudia maneno hayo hayo kila mahali. Usiandike Mkomani leo na "karibu na jeti" kesho.

Kifaransa nilikianza mwaka mmoja na nusu kabla. Mtihani wa DELF una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kupasi ni 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote umeanguka, hata kama jumla inatosha. Wengi tunaumia kwenye kusikiliza. Redio ya Ufaransa ya RFI ina taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, dakika 10 tu, na maandishi yake yapo. Nilikuwa nasikiliza bila kusoma, naandika nilichosikia, halafu ndipo nasoma. Mara ya tatu masikio yanafunguka. Darasa na mtihani nilivifanyia Mombasa.

Upande wa chuo ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwanafunzi wa kubadilishana analipa karo ya chuo chake cha nyumbani, si ya kule. Muhula ni krediti 30, na masomo unayochagua yanaandikwa kwenye mkataba wa masomo unaotiwa saini na wewe, chuo chako na chuo cha kule. Chagua masomo mawili matatu ya akiba, kwa sababu ratiba hutoka mwishoni na masomo ya idara mbili hugongana. Na ukiambiwa ulipe CVEC, ile ada ya maisha ya chuoni ya kama euro 100, ujue mwanafunzi aliyekwenda kwa mkataba wa vyuo amesamehewa. Mwenzangu mmoja alinisukuma nilipe. Sikulipa, na hakuna aliyenidai.

Sasa pesa, maana hapa ndipo nilipoangukia.

Nilipoomba mimi, kwa viza ya mwanafunzi walitaka kuona kwamba una angalau euro 615 kwa kila mwezi utakaokaa. Miezi 5 ni euro 3,075, yaani kama laki nne na nusu za Kenya. Ami alikubali kunidhamini. Akaunti yake ya benki ilikuwa na elfu kumi na nane, kwa sababu si mtu wa benki. Kwa kufuata ushauri niliopewa, pesa zikakusanywa kwa jamaa na laki tano zikaingizwa Jumanne moja. Jumatatu iliyofuata tukachukua taarifa ya benki ya miezi mitatu, nikapanda basi Mokowe, Mombasa, Nairobi, nikapeleka faili nikiwa na moyo mweupe.

Ungeiona taarifa ile. Kurasa mbili za mia nane, elfu mbili, elfu moja na nusu, kisha ghafla laki tano zimesimama peke yake kama mnara katikati ya vibanda. Hata mimi leo nisingeiamini. Majibu yalikuja mwisho wa Juni: karatasi iliyochapwa sababu nyingi, na alama mbele ya ile inayosema sikuthibitisha kwamba nina uwezo wa kujikimu. Euro 50 za ada hazirudi. Nauli na malazi ya Nairobi, elfu ishirini na ushei, hazirudi. Na jamaa wanataka pesa zao.

Nililala siku mbili. Ya tatu nikakaa na ami barazani, nikamwambia: ami, wewe pesa unazo, ila zinakaa mahali wasipopaona. Tukaanza kuzifuata zilipo. Ukipiga *334# unaweza kuomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima ije kwenye barua pepe. Faili linakuja limefungwa kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe. Ya ami ilikuwa kurasa zaidi ya 60. Hakuna mtu wa ubalozi atakayesoma kurasa 60, kwa hiyo nikapaka wino wa manjano kila malipo yaliyotoka hotelini, nikajumlisha mwezi kwa mwezi, nikatengeneza jedwali la ukurasa mmoja: mwezi, jumla kwa shilingi, jumla kwa euro. Jedwali likakaa mbele na kurasa 60 nyuma yake, ili anayetaka kuhakiki afungue mwenyewe.

Jedwali likaonyesha bonde. Kuanzia Novemba hadi Machi pesa zimejaa, Mei na Juni zimeshuka zaidi ya nusu. Mtu wa Lamu ukimwonyesha haulizi: ni kusi, bahari imechafuka, vyombo vimepandishwa. Lakini asiyejua ataona biashara inayokufa. Nikaandika aya moja kwa Kifaransa ndani ya barua ya ami ya udhamini, nikaeleza kaskazi na kusi, miezi ya kila upepo, na kwamba mapato hupanda tena kusi ikiisha. Nikaambatanisha leseni ya biashara ya kaunti, barua ya kikundi cha usimamizi wa ufuo, na risiti za hoteli. Risiti zile za karatasi ya kung'aa hufifia haraka, hasa kwenye joto na unyevu wa kwetu; zitoe fotokopi siku ile ile unayopewa. Ami naye akaanza kuhamisha pesa kidogo kidogo kila wiki kutoka kwenye simu kwenda benki, na kila hamisho likaonekana pande zote mbili, tarehe ile ile, kiasi kile kile.

Faili la pili nililipeleka katikati ya Julai. Viza ilitoka wiki ya pili ya Agosti. Nilipomwonyesha ami, aliomba lile jedwali. Mpaka leo limo kwenye droo yake ya leseni, na anasema ndiyo mara ya kwanza kuiona biashara yake yote kwa jicho moja.

Kuhusu utaratibu wenyewe: Mkenya anaanzia kwenye mtandao wa Campus France, shirika la Ufaransa linaloshughulikia wanafunzi wa kigeni, anajaza taarifa na kupandisha vyeti, anafanyiwa mahojiano, kisha ndipo anaomba miadi ya viza. Mahojiano hayatishi ukijua kueleza kwa nini masomo yale na utayafanyia nini ukirudi. Skani zako ziwe nyepesi, maana mfumo hukataa faili nzito na hausemi vizuri sababu. Ombi la viza ya kukaa muda mrefu linapokelewa si zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, basi usingoje tarehe hiyo ndipo utafute cheti. Ukivuka maji na karatasi halisi, zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki na uzishike mwenyewe. Boti ikirusha maji, begi la mgongoni ndilo linalolowa mwanzo.

Viza ikishapatikana tu, omba Visale. Ni dhamana ya kodi ya nyumba inayotolewa bure, na mwenye nyumba wengi, pamoja na CROUS, shirika la serikali lenye mabweni ya wanafunzi, wanaidai. Omba kabla ya kutia saini mkataba.

Mizigo. Mama alikuwa amenitayarishia chupa ya samli na maembe. Samli ni mazao ya maziwa, na maziwa na nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye mzigo wa abiria. Embe linataka cheti cha afya ya mimea. Lakini tende, nazi, ndizi na nanasi zinapita bila cheti, na samaki unaruhusiwa hadi kilo 20. Basi samli ikabaki, nikachukua ng'onda iliyokauka sawasawa, nikaizungushia plastiki mara nne na kuitia kwenye ndoo yenye kifuniko, na tende kilo mbili. Viungo nilisagisha nyumbani. Nguo za baridi nunua mitumba soko la Kongowea, Mombasa. Usidanganywe na makoti mazito ya theluji kama unakwenda Bordeaux. Kule Januari ni mvua na upepo kuliko theluji. Tafuta koti lisilopitisha maji, na ndani sweta mbili za sufu. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara. Adapta moja na waya wa soketi nyingi kutoka nyumbani vinatosha, kwa kuwa umeme wenyewe hautofautiani kwa maana.

Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle kuna treni za moja kwa moja hadi Bordeaux, huhitaji kuingia Paris mjini. Acha saa 3 au zaidi kati ya kutua na treni. Tikiti ya siku hiyo hiyo ni ghali mno. Kama hujafikisha miaka 28, kadi ya vijana ya treni ya euro 49 inajilipa kwa safari mbili tatu.

Ukiingia chumbani kuna karatasi ya hali ya nyumba. Usiitie saini upesi. Mimi nilipiga picha kila doa, bomba linalovuja na ufa wa dirisha, nikayaandika yote, na mwisho wa muhula amana ilirudi nzima. Ndani ya miezi 3 tangu ufike lazima uthibitishe viza mtandaoni. Mimi nililipa stempu ya kodi ya euro 50. Usipofanya hivyo, kukaa kwako si halali tena. Bima ya afya unajiandikisha bure kwenye ukurasa wa wanafunzi wa kigeni wa Ameli, mtandao wa bima ya afya ya Ufaransa, na cheti cha kuzaliwa kitaulizwa tena, ndiyo maana nilibeba halisi na nakala zake zilizotafsiriwa.

Halafu kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia. Benki ilisema kadi itakuja kwa posta ndani ya wiki. Wiki mbili zikapita. Mlinzi wa bweni akanipeleka kwenye visanduku vya barua vya chini na kunionyesha changu: kilikuwa bado na jina la mwanafunzi aliyehama. Kule tarishi haulizi mtu, anasoma jina, na asipoliona anairudisha barua ilikotoka. Nilikata kipande cha karatasi nikaandika jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, Mohamed yenye m moja katikati, na namba ya chumba chini yake, nikalibandika kwa selotepu. Nikawapigia benki waitume tena. Kadi ilifika siku ya nne.