Shemeji, Kadege Kangu na Nyumba za Houston

Shemeji yangu anauza nyumba huku Houston. Akipata mpya tu, simu: "Shem, njoo na kale kadege kako, dakika kumi tu."

Kadege kenyewe ni droni ya kamera, hakafiki gramu 250. Ukikarusha kujifurahisha, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hawakudai hata usajili, ndiyo maana wengi hudhani uzito ndio sheria yenyewe. Wapi! Kinachoangaliwa ni unarusha kwa ajili ya nini. Picha ya paa ikishaingia kwenye tangazo la nyumba, hiyo ni biashara, hata kama ulilipwa sahani ya pilau. Hapo inakuhusu Part 107, kanuni ya mwaka 2016: droni isajiliwe, isipite futi 400 juu, uione kwa macho yako, na wewe mwenyewe uwe na cheti.

Mtihani wa cheti una maswali 60, na kamera haimo. Unawekewa ramani ya anga yenye miduara ya bluu na zambarau kuzunguka viwanja vya ndege, uambiwe useme hapa ruhusa inahitajika au la. Kwa Houston, yenye viwanja vya ndege vya Hobby na Bush, swali hilo si la darasani tu.

Texas nayo inamruhusu wakala wa nyumba mwenye leseni kupiga picha za kuuzia nyumba, mradi asitambulike mtu. Kwa hiyo jirani akiwa uani anachoma nyama, mimi nasubiri. Shemeji ananuna, lakini cheti kilicho hatarini ni changu.