Maziwa yaliongezeka, krimu ikatoweka

Kijana wa kupokea maziwa aliitazama laktomita, chombo cha kupimia uzito wa maziwa, mara mbili, kisha akaniangalia kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo la aibu. "Mama, samahani. Maziwa haya yameenguliwa."

Aliyezoea kazi hii anajua: ukitia maji, namba ya laktomita hushuka, ukiengua krimu, hupanda, maana mafuta ni mepesi kuliko maji na yakitolewa kinachobaki huwa kizito zaidi. Kwa hiyo sikushukiwa kutia maji, nilishukiwa kuengua. Kipimo cha Gerber, kinachopima mafuta ya maziwa, kikaongeza chumvi kwenye kidonda: mafuta asilimia 2.6. Miezi miwili nyuma maziwa yangu yalikuwa na 3.8. Niliondoka na madumu yangu nikitetemeka kwa hasira, kwani krimu sikuigusa hata kijiko kimoja.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba ng'ombe wangu hawakuwahi kutoa maziwa mengi vile. Nina watano wanaokamuliwa, wote wana damu ya Friesian. Kwa wiki sita nilikuwa nimewaongezea mahindi yaliyoparazwa mpaka yakakaribia nusu ya chakula chao kikavu. Lita zilipanda, nami nikatembea kifua mbele.

Nikaamua kumpima kila ng'ombe peke yake. Hapo nilifanya kosa la kijinga: nilikinga sampuli mwanzoni mwa kukamua kwa sababu ilikuwa rahisi. Majibu yalitisha, mmoja alisoma 1.4. Rafiki yangu wa maabara alicheka, akaniambia maziwa ya kwanza kutoka huwa na mafuta machache na ya mwisho ndiyo huyabeba, hivyo nikamue yote, nikoroge, ndipo nichote. Niliporudia, wanne walikuwa kati ya 2.2 na 2.7. Wa tano, kikongwe ninayemwita Kito, alisoma 3.7. Kito hapendi mahindi. Huyasukuma kwa pua na kurudi kwenye nyasi kavu. Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu na mkia wake, nami sikuliona.

Badala yake nikafikiri kama mpishi. Maziwa yamepungukiwa mafuta? Walishe mafuta! Nikaongeza mashudu ya alizeti, yale ya kukamuliwa kwa mashine ndogo, yanayoacha vidole vinang'aa. Baada ya siku kumi maziwa ya pamoja yalisoma 2.3.

Ndipo nikamwita daktari wa mifugo. Hakugusa kiwele hata kimoja. Alisimama tu akiwatazama ng'ombe waliolala, kwa muda mrefu hadi nikaanza kuona aibu. "Mama, hawa wanacheua saa ngapi?" Nikatazama. Kati ya watano, mmoja ndiye alikuwa anacheua. Akaenda kwenye hori, akachota majani kwa kiganja, akayapuliza yakaruka kama pumba. Mwanangu ndiye aliyekuwa ameibana mashine ya kukatia majani ili ikate laini. Nilipomgeukia akajitetea: "Si ulisema wasibakize, mama?" Ni kweli nilisema.

Daktari alinieleza kwa ufupi, mengine nikayatafuta mwenyewe usiku baada ya usiku. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo nilipobadilika.

Nilikuwa nadhani mafuta ya maziwa ni mafuta aliyokula ng'ombe, yamepita tu kutoka mdomoni hadi kwenye chuchu. Sivyo. Karibu nusu ya mafuta hayo hutengenezwa palepale ndani ya seli za kiwele, na malighafi yake kubwa ni asetati, asidi ndogo inayozalishwa na vijidudu vya tumbo la kwanza wanapochachusha nyuzi za majani. Seli huunganisha asetati vipande vya kaboni mbilimbili. Minyororo mifupi, kuanzia kaboni 4 hadi 14, karibu yote hutoka kwenye kiwanda hicho. Ya kaboni 16 ni nusu kwa nusu. Ile mirefu ya kaboni 18 huletwa na damu, kutoka kwenye chakula au kwenye mwili wa ng'ombe mwenyewe. Panya hutengeneza mafuta ya maziwa kwa kutumia sukari ya damu, na kwake insulini ina nguvu kubwa juu ya kazi hiyo. Ng'ombe sukari yake huitunza kwa ajili ya laktosi, ile sukari ya maziwa.

Sasa kwa nini mahindi yalikausha krimu? Tatizo lenyewe si geni. Mfaransa Boussingault aliliandika mwaka 1845 kwa ng'ombe waliolishwa viazisukari. Kwa miongo kadhaa maelezo yaliyopendwa yalikuwa ya homoni: nafaka huzalisha propionati nyingi, asidi nyingine ndogo ya tumboni, ini huigeuza kuwa sukari, insulini hupanda, na mafuta ya mwili huanza kunyakua malighafi ambazo kiwele kinazihitaji. Maelezo haya yalinivutia sana. Ng'ombe wangu walikuwa wameanza kunenepa kweli. Lakini watafiti walipompa ng'ombe insulini kwa siku kadhaa huku wakizuia sukari ya damu isishuke, mafuta ya maziwa hayakuporomoka kama yanavyoporomoka kwa nafaka. Mhalifu alikuwa mwingine.

Ni mafuta. Mafuta ya mahindi na ya alizeti yana asidi ya linoleiki kwa wingi. Vijidudu vya tumboni hawaipendi, huigeuza hatua kwa hatua ili isiwadhuru. Tumbo likiwa tulivu, mageuzi hupita njia ya kawaida. Tumbo likiwa na asidi nyingi na nyuzi chache, wanaoishi humo hubadilika, na mageuzi huchepuka hadi kwenye kitu chenye jina refu: asidi ya linoleiki kiunganishi ya trans-10, cis-12. Mwaka 2000 watafiti wa chuo cha Cornell, Marekani, waliipitisha moja kwa moja hadi tumbo la nne la ng'ombe, gramu 10 kwa siku, kwa siku 4. Mafuta ya maziwa yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Maziwa yenyewe hayakupungua. Gramu 10! Ng'ombe wangu hula kilo kumi na tano na zaidi za chakula kikavu kwa siku. Asidi hiyo hufika kwenye kiwele na kupunguza utengenezaji wa vimeng'enya vinavyounda mafuta, pamoja na kile kinachoyavuta kutoka kwenye damu. Kiwanda hakikosi malighafi, kimezimwa. Nami, kwa mashudu yangu ya kung'aa, nilikuwa nimeshika swichi.

Marekebisho yalikuwa mepesi kuliko kuyaelewa. Mashudu yenye mafuta nikayaondoa kabisa. Mahindi nikayapunguza hadi robo ya chakula kikavu, na badala ya kuyamwaga mara mbili wakati wa kukamua nikayagawa mara nne, kila mara baada ya nyasi, kamwe si kabla. Mashine ikalegezwa, vipande vingi sasa vinazidi urefu wa kidole gumba. Nikaongeza baikaboneti ya soda gramu 150 kwa kila ng'ombe kwa siku, kazi ambayo mate ya ng'ombe anayecheua hufanya bila kulipwa.

Kisha nikasubiri, na hapa nusura niharibu tena. Siku ya nne, 2.4. Siku ya sita, 2.4, na lita zimeshuka. Mkono ulikuwa unaniwasha kurudisha mahindi. Daktari alinikataza kwenye simu: vijidudu vinahitaji muda kurudi, nisiguse kitu hadi wiki tatu ziishe. Siku ya tisa tukapata 2.9. Siku ya kumi na tisa, 3.6. Lita hazikurudi zote, nimezikosa mbili kwa kila ng'ombe, na nimeridhika.

Ningeishia hapo kama Malkia, ng'ombe wangu mwingine aliyekuwa hakamuliwi, asingezaa wiki ileile. Siku ya kumi na mbili baada ya kuzaa alisoma 5.4. Mwanangu alishangilia, nami nikashangilia naye, mpaka nilipomtazama vizuri. Mwili ulikuwa unapungua haraka, na chakula alikuwa akikinusa na kukiacha. Daktari akauliza protini ya maziwa ni ngapi. Ilikuwa 2.9. Akasema mafuta yakizidi protini kwa zaidi ya mara moja na nusu wiki za mwanzo, usifurahi, pima damu. Tukapima ketoni, kemikali zinazotokana na mafuta ya mwili yanayoyeyuka: milimoli 1.9 kwa lita, wakati mpaka wa kuanza kuhangaika ni 1.2.

Hapo ndipo homoni nilizokuwa nazisingizia zilipoonekana kwa haki yake. Ng'ombe akishazaa, insulini huwa chini na homoni ya ukuaji huwa juu. Mafuta ya mwili huyeyuka na kumwagwa kwenye damu. Kile kimeng'enya kinachovuta mafuta kutoka kwenye damu huwa na nguvu kwenye kiwele na dhaifu kwenye tishu za mafuta. Mwili wote unaelekezwa kwa ndama. Minyororo mirefu hujaa kwenye maziwa, na kipimo husoma vizuri, kumbe ng'ombe anajikamua mwenyewe. Malkia alikuwa amezaa akiwa mnene mno, matunda ya mahindi yangu ya miezi iliyopita.

Tulimnywesha propilini glaikoli mililita 300 kila asubuhi kwa siku tano. Ini huigeuza kuwa sukari, insulini hupanda kidogo, na uyeyushaji wa mafuta hutulia. Siku ya tatu alianza kugombania nyasi na Kito. Nilikuwa nikipeleka maziwa yake kwenye dumu la peke yake ili yapimwe, na baada ya wiki mbili yule kijana alisoma kipimo, akakunja uso kwa huruma. "Pole, mama. Huyu ameshuka hadi 4.0."

Nikamwambia asante, hiyo ndiyo habari niliyokuwa naisubiri. Alinitazama kwa mashaka, akaichukua laktomita tena.