Mnara uliopinda wa Chesterfield

Tangu nirejee Unguja mwezi uliopita baada ya miaka 11 ugenini, kila anayekuja kunipa pole ya safari huniuliza habari za London, mji ambao kwa kweli niliupita tu. Nilichokizoea mimi ni mnara wa Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote mjini Chesterfield, katika jimbo la Derbyshire, ambao niliuona kila alfajiri nikienda stesheni, umejisokota kama kamba ya usumba iliyoachwa katikati ya kusukwa.

Kilele chake cha pembe nane kilijengwa mnamo 1362 hivi. Kinafika mita 69 kutoka ardhini, kimejizungusha nyuzi 45, na ncha yake imehama karibu mita 3 kutoka mahali ilipostahili kuwa. Wenyeji husimulia kwamba mnara uligeuka kumtazama bi harusi aliyeingia kanisani akiwa bikira, na kwamba utanyooka siku atakapotokea wa pili.

Wajuzi husema mengine. Tauni ya miaka ya 1348 na 1349 iliua mafundi wengi, na waliobaki wanadhaniwa kuwa walitumia mbao mbichi za mwaloni, bila mihimili ya kutosha ya kuzikaza, kisha zikabebeshwa tani zipatazo 33 za madini ya risasi, ambayo upande wa kusini hupata joto la jua zaidi na kutanuka. Ukisimama chini yake utaona bamba za risasi zimepangwa mshazari, huku na huku, kama ukili wa mkeka. Moto wa Desemba 1961 uliteketeza mkono wa kaskazini wa kanisa pamoja na kinanda kilichoundwa na John Snetzler mwaka 1756, lakini kilele kilinusurika. Hata timu ya mpira ya mji ina jina la utani linalotokana nacho.

Jana nilimwonyesha picha mjomba wangu, seremala wa milango tangu ujana wake. Alivaa miwani, akaitazama kwa kitambo, akasema, “Mjomba, mbao hizi hazikukaushwa.” Nilikuwa bado sijamweleza lolote. Kisha akanikumbusha zile nguzo za kanisa la Mkunazini, hapa Unguja, ambazo, kama inavyosimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi wake, alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo.