Siku ya Kazi Niliyokutana na WITCH

Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafika kazini, mapema kuliko zamu yangu. Mimi ni fundi mitambo katika ukumbi mmoja wa muziki hapa Amsterdam, na asubuhi huwa ni ya kutandaza nyaya na kupima maikrofoni. Safari hii nilizipima mara mbili, kwa kuwa waliotarajiwa jioni walikuwa WITCH, bendi ya Zambia iliyotoa albamu yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwa nguzo ya Zamrock, yaani roki ya magitaa yenye mkwaruzo iliyochanganywa na midundo ya nyumbani.

Saa nane mchana gari lao liliwasili. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari, mzaliwa wa mwaka 1951, alitusalimu kwa mkono mmoja mmoja, wapakuzi nao wakiwemo. Nilimpokea huku mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, kama tunavyowaheshimu wakubwa kwetu Mbeya, naye akanirudishia vivyo hivyo, maana mpaka wa Tunduma, kati ya Tanzania na Zambia, haujawahi kutenganisha adabu hiyo.

Saa kumi tulijaribu sauti. Patrick Mwondela alipiga kinanda chake noti mojamoja, akisubiri kila moja ifike nyuma ya ukumbi kabla ya kugusa inayofuata. Sijaona vijana wengi wenye subira hiyo.

Saa tatu usiku ukumbi ulifurika watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa bendi hiyo ilipozimika. Bei ya shaba ilipoporomoka miaka ya 1970, uchumi wa Zambia uliyumba na muziki nao ukakosa riziki. Wenzake Jagari wa kikosi cha kwanza wamefariki dunia, wengi wao katika miaka ya UKIMWI, naye akaenda kuchimba vito. Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba wakusanyaji wa santuri wa Ulaya ndio waliomfufua. Nawashukuru kwa kazi yao, lakini nyimbo mpya za albamu ya mwaka 2023, ambazo aliziimba kwa nguvu ileile ya zile za zamani, ni jasho lake na la wenzake.

Saa sita usiku, tukifungasha vyombo, nilimwambia kuwa Mbeya wapo watakaojaza uwanja kwa ajili yao. Msimamizi wa ziara alinipa anwani yake, na barua nimekwisha kuituma.