Glasi Mbili Mezani

Glasgow, Jumapili usiku

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Mezani nimeweka glasi mbili ndogo zenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Ya kushoto ina wiski ya Laphroaig ya miaka 10, na ya kulia ina wiski ya Lagavulin ya miaka 16. Viwanda vilivyozitoa viko katika kisiwa kimoja cha Islay, kwenye ufuo mmoja, na mtu huenda kutoka kimoja hadi kingine kwa miguu katika muda wa takriban nusu saa. Miaka minne iliyopita ningeulizwa juu ya glasi hizi, ningejibu kwamba zote ni kali, basi. Usiku wa leo nataka kuandika nilivyofika hapa.

Kwetu Moshi, wiski ilikuwa chupa ya mraba yenye lebo iliyobandikwa kimshazari. Johnnie Walker ilikaa kwenye meza ya wakubwa siku ya harusi au ya kumuaga binti, na mjomba wangu ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumimina. Aliweka barafu, akaongeza soda, akagawa kwa kufuata umri, na sisi vijana tulipofikiwa na zamu yetu tulifanya vivyo hivyo. Sikumbuki kumwona mtu akiinusa. Chupa ile iliwekwa pale kwa ajili ya kuwaheshimu wageni, na kazi hiyo iliifanya vizuri. Sikujua kwamba John Walker alikuwa mwenye duka la vyakula katika mji wa Kilmarnock, ambalo alilifungua mwaka 1820, wala kwamba majina ya Red Label na Black Label yalianza kutumika mwaka 1909. Sikujua pia kwamba ndani ya chupa moja zimechanganywa wiski za viwanda vingi, na kwamba miaka 12 iliyoandikwa kwenye Black Label ni umri wa ile iliyo changa kuliko zote zilizomo.

Katika majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Glasgow, mwenzangu wa kazini, Mskoti ambaye umri wake unakaribia ule wa baba yangu, alinikaribisha nyumbani kwake akanimiminia Laphroaig. Nilipoinua glasi nilikutana na ayodini, bendeji, kamba za mashua zilizolowa, na nyuma ya vyote hivyo moshi mzito. Niliamini kwamba kinywaji kile kimeharibika. Yeye aliiondoa ile glasi taratibu, akasema kwamba kosa ni lake kwa kunianzishia mwishoni, na kwamba hali ya hewa ikitengemaa atanipeleka mahali ambapo hapana moshi kabisa.

Alinipeleka Glengoyne, kaskazini ya Glasgow, mahali ambapo basi linafika. Kiwanda hicho kimekuwa na leseni tangu mwaka 1833, nacho kimesimama juu ya mpaka wa zamani unaotenganisha Nyanda za Juu na Nyanda za Chini za Uskoti, hivi kwamba mitambo ya shaba iko upande mmoja wa barabara na maghala ya mapipa yako upande wa pili. Wiski hukenekwa Nyanda za Juu, kisha huvushwa barabara na kwenda kulala Nyanda za Chini. Shayiri yao hukaushwa kwa hewa ya moto isiyo na moshi. Nilipewa punje chache kiganjani nizitafune, na zilipovunjika kati ya meno nilipata utamu mkavu niliokuwa nimeusahau kwa miaka mingi. Kilikuwa kimea.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa mbege huko Marangu. Aliloweka ulezi, akauacha uchipue, akauanika, akausaga, na unga huo wa kimea ndio uliopikwa uji wa kuchanganywa na maji ya ndizi zilizochemshwa na kuachwa zichache. Tukiwa watoto tuliiba kimea kile kwenye ungo kabla hakijasagwa. Pale Glengoyne nilielewa kila hatua kabla sijatafsiriwa: nafaka hudanganywa kwa maji iamini kwamba msimu wa kupanda umefika, ikaanza kugeuza wanga wake kuwa sukari, kisha hukatizwa kwa joto kabla haijaila sukari hiyo yenyewe. Bibi aliishia kwenye pombe. Waskoti huichukua pombe yao ya shayiri, wakaikeneka mara mbili katika mitungi mikubwa ya shaba, kisha wakaifungia katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, tena ndani ya mipaka ya Uskoti, kwani bila ya hayo sheria hairuhusu iitwe wiski ya Uskoti.

Tangu siku ile niliacha kunywa glasi moja moja. Mimi si mnywaji mkubwa. Huketi hivi mara mbili kwa mwezi, nikapima mililita 25 katika kila glasi, kipimo kinachotumika katika baa nyingi za hapa, kisha nikaweka pembeni maji na kijiko. Kwanza hunusa bila kuonja, nikirudi kushoto na kulia mara kadhaa. Halafu huonja, na mwisho huongeza kijiko kimoja cha maji na kuanza upya, kwa kuwa maji hufungua harufu ambazo ukali wa kileo ulikuwa umezifunika. Glasi ikiwa peke yake, ulimi wangu husema "tamu" au "kali" kisha hunyamaza. Zikiwa mbili, ulimi hulazimika kueleza.

Jozi iliyonifunza zaidi ni Glenmorangie ya kawaida na Glenfarclas. Zote mbili hazina moshi wa kutajika. Glenmorangie hukenekwa katika mitungi yenye shingo ndefu kuliko yote Uskoti, zaidi ya mita 5, na kiwanda chenyewe huilinganisha na twiga. Kwa Mtanzania kama mimi, kumkuta twiga katika mji mdogo wa Tain kulinipa furaha ya pekee. Mvuke mzito hushindwa kupanda shingo hiyo, kwa hiyo kinachovuka ni chepesi. Kisha hukomaa katika mapipa yaliyokwisha kutumiwa na bourbon, wiski ya Marekani, nayo mapipa hayo hupatikana kwa wingi kwa sababu sheria ya Marekani hudai bourbon ikomazwe katika mwaloni mpya uliochomwa ndani. Harufu yake ni ya vanila, asali na ganda la chungwa lililokwaruzwa. Glenfarclas hulala katika mapipa yaliyokuwa na mvinyo wa sheri kutoka Hispania, nayo hutoka na zabibu kavu, karafuu, na kile kitu cha hudhurungi ambacho nilikitafutia jina kwa wiki mbili hadi nikalipata: sukari guru, pale inapoanza kushika chini ya sufuria. Kimea ni cha shayiri kwa wote wawili. Nilishangaa sana kugundua ni kiasi gani cha kile nilichokiita ladha ya wiski ni ladha ya mti na ya kile kilichoutangulia ndani ya pipa.

Jambo hilo pia lilinitibu ugonjwa wa kufuata tarakimu. Niliwahi kujikusanyia pesa nikanunua chupa yenye umri wa miaka 18, ambayo sitaitaja, nikaiweka mkabala na ndugu yake wa miaka 12 kutoka kiwanda kilekile. Yule mkubwa alikuwa na mbao nyingi na matunda machache. Mti ulikuwa umemshinda. Miaka hupandisha bei kwa sababu ya haki kabisa, maana takriban asilimia 2 ya kilichomo katika pipa hupotea hewani kila mwaka, nao Waskoti huliita fungu la malaika. Lakini ulimi wangu haukuwa na deni la kukilipia kilichokwenda kwa malaika.

Nilirudi kwenye moshi polepole. Islay ni kisiwa chenye miti michache na mabwawa mengi, na watu wake kwa karne nyingi wamechoma mboji, yaani udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu ndani ya maji kwa maelfu ya miaka, wakaikata kwa jembe na kuianika kama matofali. Moto wa mboji ndio uliokaushia kimea, na moshi wake ukagandamana na maganda ya shayiri iliyo bado na unyevu. Mwaka jana mwezi wa Mei nilipanda feri kutoka Kennacraig hadi Port Ellen, nikatembea njia ya miguu inayopita Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, viwanda vilivyoanza mwaka 1815 na 1816, vyote vina kuta nyeupe zilizoandikwa majina kwa herufi nyeusi kuelekea baharini. Laphroaig bado hutandaza sehemu ya shayiri yake sakafuni na kuigeuza kwa mikono. Nilisimama mlangoni mwa chumba hicho kwa muda mrefu kuliko adabu ilivyoruhusu.

Krismasi iliyofuata nilikwenda nyumbani Marangu. Mjomba alikuwa ametoa chupa ya Black Label kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimembebea Talisker kutoka kisiwa cha Skye. Nilimwomba, "Mjomba, leo naomba tuache soda." Alikubali kwa sababu ya safari yangu ndefu, si kwa sababu ya kuniamini. Nilimwekea glasi mbili na kijiko cha maji, naye akanusa Talisker, akakaa kimya, akanusa Black Label, akairudia Talisker. Kisha akasema, "Mwanangu, hii ni dari la mama." Alimaanisha dari la jikoni, juu ya mafiga, ambako bibi alivundika ndizi za mbege hadi zikaiva katika moshi wa kuni. Akainua tena Black Label, ambayo ameimimina kwa wageni kwa miaka zaidi ya 30, akasema kwamba na humu moshi umo, ila umejificha. Ni kweli umo. Miongoni mwa wiski zinazochanganywa humo ipo Caol Ila, ya Islay. Mimi nilihitaji miaka mitatu kuusikia, yeye aliusikia kwa dakika kumi.

Sasa narudi kwenye glasi za leo. Kimea cha Laphroaig hupimwa kuwa na moshi zaidi kidogo kuliko cha Lagavulin, lakini tofauti ninayoipata haiko katika wingi. Moshi wa Laphroaig uko mbele, umesimama mlangoni, una chumvi na dawa, na ule utamu unaofuata ni wa haraka. Moshi wa Lagavulin umekwisha kuingia ndani na kuketi. Unafanana na nguo zilizofukizwa udi jana, zikavaliwa leo. Nimeongeza kijiko cha maji katika kila moja. Laphroaig imelegea, ikatoa kitu kama ndizi mbivu ambacho sikukitarajia, nami nimeinusa mara tatu ili kuhakikisha kwamba si Marangu inayonirudia kichwani. Bado ipo. Nitamwandikia mjomba kesho asubuhi nimwambie.