Pembe Ndefu ya Gitaa

Malindi, Juni. Kusi bado kali.

Wageni wamekwenda zao. Hoteli ninakopiga muziki imefunga ili kuezeka upya makuti, bendi imetawanyika, kila mtu anashika lake hadi Julai. Ndiyo maana mpwa wangu alipokuja na wazo la kurusha roketi alinikuta sina pa kukimbilia. Aliposema anataka iwe na umbo la gitaa langu la umeme nikajua hatataka wakati wangu peke yake. Atataka na funguo za kukazia nyuzi za lile gitaa bovu lililoko juu ya kabati.

Roketi si kitu kigeni huku kwetu. Ukivuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui na Gongoni hadi Ngomeni, utayaona majukwaa mawili ya chuma yamesimama baharini, San Marco na Santa Rita. Waitaliano, wakishirikiana na Wamarekani, walikuwa wakirusha setilaiti pale tangu 1967 hadi 1988. Iliyo maarufu kuliko zote iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, nayo ikaitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kutafuta vyanzo vya eksirei angani. Mamangu alikuwa msichana wakati ule. Anakumbuka moto ukipanda kimya, kisha ngurumo ikaja baadaye, moto wenyewe ushafika mbali. Alipotuona uani na mikasi na gundi alituangalia kwa muda, akauliza, "Wale walikuwa na serikali mbili nyuma yao. Nyinyi mna nani?"

"Tuna pampu ya baiskeli, nyanya," mpwa wangu akamjibu.

Na kweli ndiyo hiyo tu tuliyokuwa nayo. Marekani wapenzi wa mchezo huu hununua injini ndogo za baruti zilizopewa herufi, A, B, C na kuendelea, kila herufi ikiruhusu nguvu maradufu ya ile iliyotangulia. Hapa baruti ni kilipuzi, ina sheria yake na vibali vyake, na mimi sina hamu ya kusimama mbele ya ofisa nikimweleza kwamba ni ya gitaa. Tukachagua maji. Chupa ya soda ya lita mbili unaijaza maji theluthi moja, unaigeuza mdomo chini, unasukuma hewa ndani, kisha unaiachia. Hewa iliyobanwa inayatupa maji chini, na chupa inakwenda juu. Sharti iwe chupa ya soda. Imetengenezwa kuhimili msukumo wa gesi, wakati ile ya maji ya kunywa ni nyembamba, na sikutaka kujua itapasuka ikifika wapi.

Kazi ya mdomo aliifanya fundi wa baiskeli: vali ya tairi kwenye kizibo cha raba, mpira mrefu wa kupitisha hewa ili anayepampu akae mbali, na vile vibanio vya plastiki ambavyo mafundi wa stima hufungia nyaya. Vibanio vinashika ukingo wa shingo ya chupa, kipande cha paipu kinavibana, ukivuta kamba paipu inashuka na chupa inaachiwa. Fundi hakuuliza hata swali moja. Nadhani ameona makubwa zaidi.

Sasa umbo. Hapo ndipo nilipoanza kuupenda mradi huu, kwa sababu ulinirudisha kwenye kitu nilichokivaa begani miaka na miaka bila kukifikiria.

Mpwa wangu alikuwa na hoja yake. Gitaa kavu, alisema, lina tumbo kwa sababu sauti inatoka humo. La umeme ni ubao mzima, sauti inanaswa na visumaku vilivyo chini ya nyuzi, kwa hiyo umbo lake ni la macho tu, waweza kulikata utakavyo. Kwa sauti, hakukosea sana. Lakini langu limeigwa kutoka Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Leo Fender ilitoa mwaka 1954, lenye pembe mbili, ya upande wa nyuzi nene ndefu kuliko ya pili. Ile pembe ndefu haikuwekwa kwa urembo. Mkanda unafungwa kwenye ncha yake, na kwa kuwa ncha imesogea mbele kuelekea shingoni, gitaa linatulia begani. Ikiwa fupi, shingo inaanguka chini kila unapoachia mkono. Nimewahi kupiga gitaa la namna hiyo usiku kucha kwenye harusi. Mkono wa kushoto ulikuwa ukifanya kazi mbili.

Kwa roketi, gitaa si chaguo baya kama linavyosikika. Sheria ya kitu kinachoruka bila usukani ni moja: uzito ukae mbele, na sehemu pana inayokamatwa na upepo ikae nyuma. Gitaa likisimamishwa kichwa juu limeshatii. Chupa ikawa katikati ya kiwiliwili. Ubavuni tukabandika vipande vya lile povu jeupe linalokuja na friji, tulivyovikata kwa kufuata gitaa lenyewe. Shingo ni paipu nyembamba ya kupitishia nyaya za umeme ukutani. Kichwani tukafunga funguo tatu za lile gitaa bovu, chuma halisi, zikawa ndizo uzito wa mbele. Nyuzi ni mshipi wa kuvulia samaki, umekazwa kutoka kichwani hadi kiwiliwilini, nazo zinaizuia shingo isiyumbe kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi.

Kasoro ya kwanza ni kwamba gitaa ni bapa. Upepo ukilipiga usoni linajirekebisha, ukilipiga ubavuni halina cha kushikia. Hilo lilikwisha haraka: mapezi mawili ya plastiki angavu, kutoka jalada la faili, moja usoni mwa gitaa na moja mgongoni mwake, ambayo ukisimama mbali huyaoni.

Kasoro ya pili ilikuwa ile pembe. Kinachomsaidia mpigaji ndicho kinachoisumbua roketi. Upande wenye pembe ndefu unaburuzwa na hewa zaidi ya upande wa pili, na roketi inageukia huko. Tulifunga uzi mahali inapojisawazisha kidoleni, nikaizungusha kichwani kama kombeo pale uani. Ikisonga na kichwa mbele, itaruka vizuri. Ilitangulia kichwa, lakini ikiwa imeinama kushoto. Jirani akaniuliza ukutani kama hoteli imenifukuza.

Mpwa wangu akasema tuikate pembe. Nikakataa. Akasema basi tuifupishe tu, hakuna atakayejua. Ningejua mimi. Gitaa lenye pembe mbili sawa ni gitaa jingine, na kama ni kurusha kitu chochote kile, chupa tupu ingepaa juu kuliko yote na isingetusumbua. Tulibishana hadi magharibi, mama akatupigia kelele juu ya chakula.

Dawa ilikuja kutoka kwa tiara. Kila mtoto wa pwani ameunda tiara kwa chelewa na karatasi, na anajua kwamba ikiyumba huipunguzii mabawa, unaiongezea mkia. Gitaa la umeme lina mkia wake tayari: waya. Na tundu la waya kwenye Stratocaster liko usoni, chini, upande wa nyuzi nyembamba, yaani upande wa pembe fupi! Tukafunga pale utepe wa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, mweusi, tukawa tunaufupisha kidogo kidogo kila baada ya kuizungusha roketi, hadi mvuto wa mkia kulia ukalingana na mvuto wa pembe kushoto. Sikuwa nimetarajia kufurahi kiasi kile kwa ajili ya utepe. (Mwavuli kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017. Parashuti pia ilikuwa itoke humo, lakini kwa kimo chetu ingekuwa haijafunguka roketi iko chini, tukaiacha.)

Tulirusha alfajiri, kusi haijaamka vizuri, maji yamekupwa na ufuo umebaki mpana, ule mchanga unaoletwa na Sabaki. Upepo ukiwa mkali roketi yoyote huinamia kule upepo unakotoka, hata ikiwa na usawa wa namna gani. Mpwa wangu akakumbusha kwamba Waitaliano waliipenda Ngomeni kwa kuwa iko karibu na ikweta, dunia inazunguka kwa kasi ya mita 460 na zaidi kwa sekunde, na roketi inaanza safari na kasi hiyo bure. Nikamwambia minazi nayo inayo. Geji ya pampu iliposoma msukumo wa hewa wa psi 70 alivuta kamba.

Maji yote yalitoka kwa kufumba na kufumbua. Gitaa likapanda wima, mkia umenyooka, hadi usawa wa vichwa vya minazi, likasita, likalala ubavu na kudondoka kwenye mchanga uliolowa. Ufunguo mmoja ulipinda. Wavuvi waliokuwa wakivuta ngalawa walisimama, mmoja akauliza kama linapiga, tukacheka, tukajaza maji tena. Mrusho uliofuata ulikuwa mzuri zaidi, na mwingine kusi ikauchukua ukaishia kwenye kamba za nanga za watu.

Mpwa wangu anadai kwamba likipanda alisikia mishipi ikivuma. Mimi nilisikia maji tu. Sasa ameanza kuchora Flying V, gitaa la Gibson la 1958 lililo kama ncha ya mshale, pande zote sawa, lisilohitaji mkia wala ubishi. Nimemwambia hilo ataliunda mwenyewe, na funguo tatu zilizobaki zisiondoke juu ya kabati.